Nilimuua Shangazi Mektilda

"Nani amekufa?"

Mama Filbert aliuliza mwiko wa ugali ukiwa bado mkononi. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko lake pale Nangara, mkoba begani, na maneno yote niliyoyapanga njia nzima yalikuwa yamenitoka.

"Shangazi yangu, mama. Wa Arusha."

"Shangazi yupi? Huyu Mektilda niliyeongea naye kwenye simu siku ya mahari?"

Jamani, hapo ndipo nilipotakiwa kusema hapana. Ningesema ni shangazi mwingine, binamu yake baba, mtu yeyote ambaye hakuna aliyewahi kumsikia. Lakini mimi nikiogopa akili inahama kabisa. Nikamtazama mama mkwe wangu mtarajiwa usoni, nikasema:

"Ndiyo mama. Huyo huyo."

Mwiko ukaanguka.

"Uuuwiii! Mektilda! Mektilda wa watu jamani!"

Sauti ile ilivuka uzio. Kabla sijajua nifanye nini, Mama Theodori, jirani na mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisani, alikuwa ameshaingia uani na kanga kiunoni.

"Kuna nini? Nani?"

"Shangazi yake Jovita! Yule aliyekuwa akae na bibi harusi!"

"Mungu wangu! Na harusi hii hapa!"

Wakaja wengine. Mkeka ukatandikwa. Nikakalishwa katikati, nikafunikwa kanga, na Mama Theodori akaanzisha rozari ya marehemu. Kila walipotaja jina la Mektilda nilihisi kama kuna mtu anapigilia msumari kwenye jeneza, na ndani yake shangazi yangu anagonga.

Maana shangazi yangu alikuwa mzima. Saa ile pengine alikuwa anakunywa chai.

Naomba msinicheke kwanza. Niwaambie kwa nini nilifanya ule ujinga.

Mimi nafanya kazi kwenye steshenari ya rafiki yangu Rahma, karibu na stendi ya Babati. Nina diploma ya kompyuta, na muda ambao wateja hawapo nilikuwa natengeneza programu yangu. Mkulima anatuma jina la kata yake kwa meseji, hata kwa simu ya kitochi, na ile programu inamjibu bei ya mbaazi ya siku hiyo ili asidanganywe na walanguzi. Basi. Niliituma kwenye mkutano wa wanawake wa kompyuta unaofanyika Arusha, nikasahau. Siku moja ikaja barua pepe: nimechaguliwa, nikaionyeshe mbele ya watu, Jumamosi saa nane mchana.

Nilifurahi dakika kumi. Halafu nikakumbuka Evelyne.

Evelyne alikuwa mchumba wa Filbert kabla yangu. Alikwenda semina Dodoma wiki moja, hakurudi. Pete ya uchumba ndiyo iliyorudi, ndani ya bahasha ya kaki, mkononi mwa kondakta wa basi. Kuanzia siku hiyo Mama Filbert hakutaka kusikia neno semina. Siku moja aliapa mezani, mimi nikisikia: "Mke wa mwanangu hatakanyaga semina, hata aandaliwe na Padre mwenyewe." Filbert alikuwepo. Alikuwa anakula, akanyamaza.

Na ndoa yetu ilikuwa imeshatangazwa kanisani mara mbili. Lilibaki tangazo la tatu, Jumapili ile ile baada ya mkutano. Nilimpenda Filbert kiasi cha kuogopa hata kumuuliza. Nikaona msiba ni ruhusa ambayo hakuna mtu anayeinyima.

Sikufikiria kitu kimoja. Babati, mkwe akifiwa, haendi peke yake.

Filbert alifika jioni kutoka gereji yake ya bajaji, mikono ina oili hadi kwenye viwiko. Akapiga magoti mbele ya mkeka.

"Pole mama watoto wangu."

"Asante."

"Ijumaa asubuhi tunakwenda wote. Mimi, mama, na wamama wa jumuiya."

"Wote? Hapana Filbert, ni mbali, mtachoka..."

Mama Filbert akadakia: "Nyamaza mwanangu. Wewe sasa ni wetu. Huwezi kwenda kulia peke yako kama mtu asiye na watu. Tena tunakwenda na maharage na unga, tusiwe mzigo kwa wafiwa."

Wafiwa gani, mama yangu? Nilijifunika kanga uso mzima. Wakadhani nalia, na kweli nilikuwa nalia.

* * *

Alhamisi asubuhi nilimkuta Rahma anafungua steshenari. Nilipomweleza, aliziachia funguo zikaanguka chini.

"Umesema nini? Jovita! Umemuua shangazi yako?"

"Punguza sauti!"

"Ungesema anaumwa basi! Mgonjwa anapona. Maiti utamrudishaje?"

"Wakati ule sikuwa na akili, Rahma. Nisaidie."

"Mpigie mwenyewe. Mwambie ukweli, mwombe msamaha, mjue mtajipangaje. Piga sasa hivi mbele yangu."

Nikapiga. Ikaita mpaka ikakata.

Nikapiga tena. Ikaita, ikakata.

Shangazi Mektilda ni mtu ambaye simu yake haiiti mara mbili. Anapokea akiwa kanisani, anapokea akiwa kwa daktari wa meno. Mpaka saa nne nilikuwa nimepiga mara kumi na moja. Nikatuma meseji: "Shangazi shikamoo, naomba upokee, ni jambo kubwa." Kimya.

"Labda ameisahau ndani," Rahma alisema, lakini hakunitazama.

"Rahma, na kama kweli amekufa?"

"Acha hizo."

"Nimesema amekufa, watu wamemsalia rozari ya marehemu kwa jina lake kabisa, na sasa hapokei simu. Kama nimemwitia kifo kwa mdomo wangu?"

Rahma akashika bega langu.

"Mungu hafanyi kazi hivyo," alisema.

"Una uhakika?"

Aliingia ndani kuwasha mashine ya fotokopi, nami nikabaki nimeikodolea macho simu. Sijawahi kuogopa kitu kama jinsi nilivyoogopa ile simu.

Saa sita mchana Filbert akaja. Hakukaa. Alisimama upande wa pili wa meza kama mteja aliyekuja kuchapa fomu.

"Jovita."

"Abee."

"Shangazi alikuwa anaumwa nini?"

"Presha."

"Presha," akarudia taratibu. "Anazikwa lini?"

"Jumamosi."

"Saa ngapi?"

Nikataja saa ya kwanza iliyokuja kichwani. "Saa nane mchana."

"Nani alikupigia kukuambia?"

"Mtoto wake."

"Mtoto wake yupi?"

Shangazi Mektilda hakujaliwa mtoto. Alimwambia Filbert hivyo kwenye simu siku ya mahari, kwamba watakaozaliwa kwetu ndio watakuwa wajukuu wake.

"Mtoto wa jirani yake," nikarekebisha haraka. "Anamlea. Alikuwa anamlea."

Filbert alijifuta mikono kwa kile kitambaa chake cha oili, kidole kimoja kimoja, kwa muda mrefu. Mikono ilikuwa safi tayari.

"Una kitu kingine cha kuniambia?"

"Hapana."

"Sawa."

Akaondoka. Siku zote akiondoka huniita mke wangu, hata mbele ya wateja, mpaka naona aibu. Siku ile aliondoka kimya.

"Anajua," Rahma akanong'ona.

"Atajuaje?"

"Sijui. Ila anajua."

* * *

Ijumaa saa tatu asubuhi stendi ya Babati ilikuwa na msafara wa kwetu. Mama Filbert, Mama Theodori na wamama wengine wanne, wote wamejifunga kanga za msiba, viroba viwili vya maharage na unga miguuni pao. Mimi nilikuwa na laptop nimeiviringisha ndani ya kitenge kama mtoto mchanga. Shangazi alikuwa bado hapokei.

Kondakta alikuwa anapiga kelele: "Arusha! Arusha! Dakika kumi!"

Filbert akanishika kiwiko, akanipeleka nyuma ya kibanda cha tiketi.

"Naomba uniambie jina lake."

"Jina la nani?"

"La huyo mwanaume."

"Mwanaume gani, Filbert?"

Filbert akatoa simu, akabonyeza namba, akaweka spika. Ikaita mara moja tu.

"Haloo, Filbert mwanangu."

Nikashika ukuta wa kibanda. Alikuwa hai! Nilitaka kupiga kigelegele, na wakati huo huo nilitaka ardhi ipasuke niingie.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Huyo muuaji wangu yuko hapo?"

"Yuko."

"Mwambie bado napumua. Mwambie pia namsubiri."

Akakata.

Macho ya Filbert yalikuwa mekundu, ya mtu ambaye hajalala.

"Umejua tangu lini?" nikauliza.

"Tangu Jumatano ile ile. Nilitoka pale kwenye mkeka nikapiga namba yake, nimpe pole yeyote aliyebaki na simu. Akapokea marehemu mwenyewe. Jovita, nusura niitupe simu mtaroni."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa. Nilimwomba asipokee simu zako mpaka nijue kinachoendelea. Jana nilikuja dukani nikakufungulia mlango utoke mwenyewe. Ukampa mtu mtoto ambaye hana."

"Hakuna mwanaume. Nakuapia. Ni mkutano."

Neno lile lilimpiga, nikaona.

"Mkutano wa nini?"

"Wa wanawake wa kompyuta. Nimechaguliwa. Kesho saa nane naonyesha programu niliyotengeneza."

"Kwa hiyo semina."

"Mkutano, Filbert. Siku mbili. Wanawake watupu."

"Evelyne naye alisema wiki moja."

"Mimi sio Evelyne!"

"Kweli wewe sio Evelyne," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Evelyne aliniaga anakwenda semina, na kweli alikwenda semina. Wewe umeniaga kwa maiti."

Nikalia. Lakini na mimi nilikuwa na langu.

"Ningekwambiaje? Mama yako aliapa pale mezani na wewe upo unakula. Ulinyamaza! Nikajua umekubali. Ningesema nakwenda, ungenivua hii pete."

"Nilinyamaza kwa sababu ni mama yangu na chakula kilikuwa mezani. Mimi mwenyewe uliniuliza lini?"

Miezi minane ya uchumba, sikuwahi kumuuliza.

Nikatoa karatasi mfukoni, nikaiweka kwenye mkono wake. "Nilichokuwa nakificha ni hiki. Namba ya programu yangu. Tuma jina la kata yako, utaona. Hakuna kingine zaidi ya hicho."

Aliitia kwenye mfuko wa shati bila kuisoma.

"Mimi sipandi hilo basi," akasema.

"Na tangazo la tatu?"

"Kesho saa kumi jioni katekista anaandika majina ya kusomwa Jumapili. Mpaka saa hiyo nitakuwa nimejua."

"Umejua nini?"

"Kama naweza kuishi na mtu anayeniogopa kiasi cha kuua."

"Na mama? Na wale wamama?"

"Matanga umeyaweka wewe. Yaanue wewe."

Akaondoka kuelekea gereji. Hakugeuka nyuma.

* * *

Tangu shule ya msingi naogopa kusimama mbele ya watu. Nikiitwa ubaoni nilikuwa naumwa tumbo. Sasa nilikuwa natakiwa kusimama mbele ya wamama sita wenye kanga za msiba, stendi nzima ikiangalia.

"Mama," nikaanza. Nikaanza tena. "Mama, shangazi hajafa."

Mama Theodori akafanya ishara ya msalaba. "Amefufuka?"

"Hakufa kabisa. Nilidanganya. Nakwenda mkutano wa kompyuta Arusha, nikaogopa kusema."

Hata kondakta aliacha kuita abiria.

Mama Filbert alinitazama mpaka nikatamani anipige kofi, yaishe.

"Tangu juzi chakula hakipiti kooni," alisema. "Nimemlilia mtu ambaye anakunywa chai?"

"Nisamehe, mama."

"Uliogopa nini?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Uliapa mke wa Filbert hatakanyaga semina."

Akajishusha, akakaa juu ya kiroba cha maharage kama mtu aliyechoka ghafla.

"Ile pete iliporudi na kondakta," akasema, "mwanangu alijifungia ndani siku nne. Mimi ndiye niliyekuwa namgongea mlango kila baada ya muda, nisikie tu kama ataitika. Siku nne, Jovita, nagonga mlango wa mwanangu huku natetemeka. Wewe unaniogopa mimi, na mimi naogopa semina. Sasa nani amtulize mwenzake?"

Kondakta akasema kwa upole, "Mama, gari linaondoka."

Mama Filbert akainuka, akajipangusa kanga.

"Huko kwenye huo mkutano kuna wanaume?"

"Labda fundi wa vipaza sauti, mama."

"Nitaona mwenyewe. Tiketi zimeshakatwa. Na huyo Mektilda nimemlilia siku mbili, lazima nimwone uso. Mama Theodori, pandisha maharage."

"Kwa hiyo tunalala wapi?" akauliza Mama Theodori.

"Kwa marehemu."

Halafu akanigeukia. "Na wewe usidhani nimekusamehe. Panda."

* * *

Shangazi alitupokea getini na gauni lake la kijani. Mama Theodori alimgusa mkono kwanza kuhakikisha una joto. Mimi nilishikwa sikio, kama nilivyoshikwa nikiwa na miaka saba.

"Uliniua kwa ugonjwa gani?"

"Presha, shangazi."

"Presha! Mimi ninayepanda huu mlima wa kufika hapa kila siku? Hata ugonjwa wa maana hukunitafutia."

Wamama wakacheka, maharage yakabandikwa jikoni, na mpaka jua linazama Mama Filbert na shangazi walikuwa wanapiga soga kama watu waliokua pamoja. Mimi sikuweza kula. Nilimwandikia Filbert: "Tumefika salama. Nisamehe." Zikaja tiki mbili za bluu. Amesoma. Hakujibu.

Jumamosi asubuhi nikamwandikia tena. Amesoma. Kimya.

Saa saba na nusu tulifika mlangoni mwa ukumbi, mimi, shangazi, na wamama sita wenye kanga za msiba, maana hawakubeba nguo nyingine. Binti wa mapokezi akatutazama juu mpaka chini.

"Karibuni. Mmetoka taasisi gani?"

"Sisi ni wa msiba," akajibu Mama Theodori.

"Wako na mimi," nikasema haraka. Wakapewa viti vya nyuma kabisa.

Ukumbini walikuwa wanawake kama mia tatu, na laptop zao, na Kiingereza chao. Jina langu lilipoitwa nikapanda jukwaani, nikaunganisha laptop na projekta, na waya ukaniponyoka mpaka mwenyekiti wa mkutano akaja kunishikia.

"Mimi naitwa Jovita. Natoka Babati," nikasema kwa Kiswahili. "Nitatetemeka kidogo, mnisamehe. Jana kwenye stendi ya mabasi nilisema jambo gumu kuliko hili, na bado nipo."

Wakacheka kidogo. Nikapata pumzi.

Nikawaeleza habari za mbaazi. Nikawaonyesha namba. "Tumeni jina la kata. Kila meseji inayoingia na jibu lake mtaviona hapa ukutani."

Dakika nzima haikuingia meseji. Nikasema moyoni, imekufa na hii. Halafu ukutani pakatokea neno: MUTUKA. Jibu likashuka chini yake, bei ya siku hiyo. Na kule nyuma mtu akainuka na simu ya kitochi mkononi.

"Imenijibu!" Mama Filbert alipiga kelele. Shamba lake la mbaazi liko Mutuka. "Imenijibu kwa Kiswahili! Mwaka jana yule mlanguzi aliniibia mchana kweupe!"

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi nikatazama saa ya ukutani. Saa nane na robo. Saa kumi katekista anaandika.

Ndipo ikaingia meseji ya namba ninayoijua kuliko yangu mwenyewe.

"Mkutano unaisha saa ngapi?"

Programu ikajibu yenyewe, kama nilivyoifundisha: "Samahani, sijaelewa. Tafadhali tuma jina la kata yako."

Watu wakacheka. Mimi nilishika meza.

"NANGARA."

Programu ikamjibu bei. Nikahesabu pumzi zangu. Ikaingia nyingine:

"Nimekaa na hii karatasi tangu jana. Ni kazi nzuri. Hasira bado ninayo."

"Samahani, sijaelewa. Tafadhali tuma jina la kata yako."

Kicheko kikajaa ukumbi. Mwenyekiti akaninong'oneza, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi, kila mtu akasikia: "Huyu mteja wako ni nani?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na uzoefu.

"Ni mchumba wangu," nikasema. "Nilimdanganya kuna msiba ili nije hapa. Anafikiria kama bado tunaoana. Hajui kama mnamsoma."

Kicheko kikakatika kama taa. Wanawake mia tatu wakageuka kutazama ukuta, na mimi nikautazama pamoja nao. Ukuta ulikuwa mweupe. Nilisikia feni. Nilimsikia mtu mmoja anasema "Mungu wangu" polepole. Kule nyuma Mama Filbert alikuwa amesimama bado, amebana simu kifuani, midomo inacheza, na nikajua anasali. Nikawaza, kama hapana ikija, itakuja hapa, kwa herufi kubwa, mbele ya hawa wote, na mama yake akiwepo.

Ikaingia.

"Niko kwa katekista, sikungoja saa kumi. Nimemwandikia jina lako mwenyewe asije akakosea. Kesho ukae mbele. Siku nyingine uniulize kwanza. Na tafadhali usiue mtu mwingine."

Sijui nani alianza. Wanasema ni shangazi Mektilda, marehemu mwenyewe, aliyepiga kigelegele cha kwanza. Nilichokiona mimi ni Mama Filbert anajifuta machozi kwa ile kanga ya msiba, na Mama Theodori anamkumbatia binti wa mapokezi.

Ukutani programu yangu ikaandika: "Samahani, sijaelewa. Tafadhali tuma jina la kata yako."

Mimi nilielewa. Nilikaa chini pale pale jukwaani nikalia mpaka muda wangu ukaisha.

Tulirudi Babati Jumapili kwa gari la alfajiri, tukashukia kanisani moja kwa moja, shangazi akiwa mbele yetu. Filbert alikuwa benchi la mbele na shati jeupe. Hakuniambia kitu, alisogea tu nikae. Mkono wake ulikuwa baridi kama wangu.

Padre akasoma majina yetu kwa mara ya tatu, akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Mama Theodori akakohoa.

Mama mkwe wangu akamkanyaga mguu.